Washa Ndani ya Kikombe cha Chai

Siku ambayo Kageha binti Shikanga alimtumbukizia Osiako chuma ndani ya chai, hakuwa amekusudia. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu Osiako mwenyewe akisimulia huwa anaapa kwamba alilengwa.

Ilikuwa siku ya soko, mwaka wa tisini na saba, na steji ya Kakamega ilikuwa inachemka. Makanga waliita Kisumu, waliita Webuye, waliita Butere, na wengine waliita tu kwa sababu midomo ilikuwa imeshazoea. Kuku waliofungwa miguu walilala chini wakitazama viatu vya watu. Kageha alikuwa juu ya ngazi, kwenye ukuta wa duka la dawa, amevaa koti la kazi la marehemu baba yake. Koti hilo zamani lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na kila rangi iliyowahi kuandika duka mjini: nyekundu ya bucha, buluu ya kinyozi, kijani cha yule muuza mbegu aliyehama bila kuaga. Kichwani alijifunga kitambaa cha manjano, na penseli ilikuwa imekaa juu ya sikio kana kwamba alizaliwa nayo.

Mkono ukamteleza. Washa, kile kipete bapa cha chuma ambacho mafundi wa magari huweka chini ya nati, ikamponyoka, ikagonga ngazi, ikaruka hadi kwenye veranda ya hoteli ya jirani, ikaingia chubwi! ndani ya kikombe cha kijana aliyekuwa ameketi peke yake.

Kijana alitazama kikombe. Akatazama juu.

"Madam," akaita. "Chai yangu imeingia spea."

"Pole sana! Imeniponyoka. Tafadhali usiimeze!"

"Nitaimezaje na sijajua ni ya gari gani?"

Kageha aliuma midomo asicheke, akashuka ngazi. Alipofika chini aliona vizuri alichokuwa amemwagia chai: shati jeupe, tai pana yenye maua makubwa kama pazia la sebuleni, na suruali ya mikunjo iliyopandishwa hadi karibu na kwapa. Kijana alikuwa na macho ya kucheka na madoa matatu mapya ya chai kifuani.

"Naomba chombo changu cha kazi," Kageha akasema, mkono mbele.

"Hiki? Kuandika ukuta kunatakanga washa? Au herufi zako unazikaza kwa spana?"

"Wewe unafanyanga kazi gani, ndio nijue nakuelezea kutoka wapi?"

"Mimi ni mtu wa kompyuta," akasema kijana, akinyoosha tai. "Mwangaza Printers. Osiako."

Pascalia, mwenye hoteli, mama mnene aliyejua habari za mji kabla hazijatokea, alipita na birika akasema, "Kompyuta gani? Si umekaa hapa siku tatu ukishika kichwa?"

Ilikuwa kweli. Bramwel, mwenye Mwangaza Printers, alikuwa ameleta kompyuta kutoka Nairobi pamoja na mashine ya kukata stika, na akamwambia Osiako, "Wewe ndiye uliyesoma, iendeshe." Osiako alikuwa amesoma, ndiyo, lakini si hiyo. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mbele ya Kageha kama mgonjwa anayeonyesha kidonda.

Kwenye karatasi liliandikwa jina MWANGAZA kwa nyekundu, na nyuma yake kulichungulia dhahabu. Au tuseme ilijaribu kuchungulia. Herufi za katikati zilikuwa na dhahabu kidogo juu na chini. M ya mwanzo dhahabu yake ilikuwa imekimbilia kushoto yote, A ya mwisho imekimbilia kulia, na ndani ya matundu ya zile A hakukuwa na dhahabu hata chembe.

"Bosi anataka ukingo wa dhahabu uzunguke jina zima," Osiako akasema. "Nalichukua jina, nalikuza kidogo, naliweka nyuma. Kila siku linatoka hivi. Kama kaptula ya kuazima."

Kageha alilitazama mara moja tu. "Umelinenepesha."

"Nini?"

"Umelinenepesha jina. Ukikuza herufi, tundu lake nalo linakua, na zile za pembeni zinasukumana kwenda mbali. Hebu niambie, koti ni mtu mkubwa?"

"Hapana."

"Koti ni mtu yule yule amezungukwa. Njoo uone."

Alitoa mfukoni mwa koti kadi ngumu iliyokatwa kwa umbo la R, akailaza juu ya meza ya Pascalia kando ya sahani ya mandazi. Akaichukua ile washa, bado inanuka tangawizi, akailaza bapa, ubavu wake ukigusa kadi. Akaingiza ncha ya penseli kwenye tundu la washa, halafu akaanza kuisukuma polepole ikibingirika kwenye ukingo wa herufi: ikapanda mgongo, ikazunguka kichwa, ikateremka mguu. Nyuma yake penseli iliacha mstari. Umbali kati ya mstari na kadi ulikuwa ule ule kila mahali, hata pale R inapojikunja kiunoni. Halafu akaingia ndani ya tundu la R, akazunguka humo humo, tundu likapata mstari wake mdogo.

Osiako aliinama juu ya kadi mpaka tai yake ikalala kwenye mandazi.

"Chai nitakulipia," Kageha akasema, akifuta washa kwa koti.

"Acha chai," akasema Osiako. "Unaitwa nani?"

Kesho yake, saa tatu asubuhi, simu ya duka la dawa ililia, na mwenye duka akatoa kichwa dirishani. "Wewe wa ngazi! Kuna mtu anasema ni mgonjwa wa washa."

Kageha akaingia huku rangi imemjaa vidoleni, akashika simu kwa kiwiko. "Haloo?"

"Nimeipata!" Sauti ya Osiako ilikuwa karibu kutoka nje ya waya. "Kageha, iko humu humu! Kuna amri inaitwa Kontua, nilikuwa nairuka kila siku nikidhani ni ya kupaka rangi. Unaiambia umbali, unaiambia nje au ndani, unaiambia mistari mingapi. Inazunguka yenyewe! Matundu pia!"

"Na kona?"

"Kona gani?"

"Washa yangu ikifika kwenye kona ya herufi inazunguka, mstari unakuwa wa mviringo, laini kama sabuni iliyotumika. Hiyo yako?"

Kukasikika sauti ya vitufe vya kompyuta vikigongwa. Kisha Osiako akasema kwa unyonge, "Yangu ni kali. Kama kona ya kabati."

"Itakukwaruza," akasema Kageha, akaweka simu. Mwenye duka alimuuliza mbona anatabasamu mbele ya dawa za minyoo.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Saa ya chakula Osiako alikuwa akifika chini ya ngazi, popote ngazi ilipokuwa siku hiyo, na tai yake ya siku hiyo. Alikuwa nazo tano na zote zilistahili kushtakiwa. Kageha alimfundisha kushika brashi. Mwanafunzi akajipaka rangi kidevuni zaidi ya ukutani. Osiako alimpeleka Mwangaza Printers Bramwel akiwa hayupo, akamkalisha mbele ya skrini, akafungua jina KAGEHA aliloliandaa jana yake, akabonyeza. Mstari ukalizunguka jina. Akabonyeza tena, mstari ukauzunguka mstari. Wa tatu, wa nne, hadi saba, kila mmoja umeukumbatia ulio ndani yake. Na kona zake alikuwa amezikalia jioni nzima, akizivuta nukta moja moja mpaka zikawa za mviringo.

"Mbona kona zako leo hazikwaruzi?" Kageha akauliza.

"Kuna fundi aliniambia hazivutii. Tangu siku hiyo sitoi kazi yoyote kabla sijazilainisha."

"Na kwa nini mistari saba?"

"Ningeongeza, mpenzi, lakini karatasi iliisha."

Jumamosi moja walikula ingokho, kuku wa kienyeji, kwa Pascalia. Osiako alipekua bakuli kwa kijiko, akapindua shingo, akapindua paja, akapekua tena.

"Unatafuta nini?" Kageha akauliza, uso mkavu.

"Imondo iko wapi?"

Kila mwana wa Kiluhya anajua habari ya imondo, firigisi ya kuku. Ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto haigusi, mama haigusi, mgeni wa njiani hata haiulizii.

"Nimeitoa," akasema Kageha. "Hiyo ina mwenyewe."

"Nani huyo?"

"Bado hajafika."

"Atachelewa sana?"

"Kula ubawa wako, Osiako."

Lakini kuna jambo moja ambalo Kageha hakulichezea, nalo ni zile kadi. Mzee Shikanga alizikata kwa wembe kutoka kwenye kalenda nzito za miaka mingi, A hadi Z, kila herufi na tabia yake. R ilikuwa na mguu mrefu ulionyooshwa mbele kama mtu anayeruka mtaro. "R bila mguu ni P iliyochoka," mzee alikuwa akisema. Mji mzima wa Kakamega ulikuwa umesoma herufi hizo miaka ishirini bila kujua ni za nani. Alipofariki alimwachia binti yake koti, ngazi, washa na sanduku la kadi. Na sanduku hilo halikuwahi kulala nje ya nyumba.

Mpaka mchwa walipoliingia. Walianza na Q, pengine kwa sababu waliona haina kazi. Kageha alimwonyesha Osiako, machozi yakimlengalenga.

"Niachie siku mbili," Osiako akasema. "Butere kwetu tuna dawa ya mchwa, hawatarudi hata kwa salamu."

Kageha aliona mkono wake mwenyewe ukimpa sanduku. Usiku ule hakulala vizuri. Siku ya pili sanduku likarudi, linanuka mafuta ya taa, kadi zote ndani, hata ile nusu ya Q. Akamwambia mama yake kule Mukumu, "Huyu ni mtu." Mama akajibu, "Tutaona."

Mwezi uliofuata Pascalia alipanua hoteli yake, akavunja ukuta, akaongeza meza kumi na jina jipya: PARADISO. Alikuwa amemwahidi Kageha bango, na lingekuwa kubwa kuliko yote mjini. Kageha alishapima ukuta kwa hatua. Lakini kila alipouliza aanze lini, Pascalia alikumbuka maharagwe yanaungua. Mwishowe akasema, "Mwanangu, usinichukie. Bramwel ameniambia stika haibabuki na jua. Na ni kazi ya siku moja."

Kageha alimeza hilo. Kazi huja na kazi huenda. Kilichomshinda kumeza alikiona Alhamisi, akitoka kununua rangi. Bango lilikuwa juu. PARADISO, nyekundu juu ya dhahabu. Na katikati ya jina, mguu umenyooshwa mbele, ilikuwa R ya baba yake.

Hakuangalia zaidi. Alihisi kama amemwona Mzee Shikanga amevuliwa koti barabarani. Akageuka, akatembea hadi kwenye kibanda cha simu cha Posta, akasukuma sarafu zote alizokuwa nazo.

"Mwangaza Printers, habari ya mchana."

"Nataka kuongea na mwizi."

"Kageha? Mpenzi, ndio nimeshuka sasa hivi kutoka Kisumu, nilitumwa kuleta stika, hata vumbi bado—"

"R ya Paradiso ina mguu wa nani?"

Kageha alisikia lori likipita upande wake, na lori lile lile likipita upande wa Osiako muda mfupi baadaye.

"Wa baba yako," Osiako akasema.

"Ulifikaje pale?"

"Zile siku mbili. Nilizipitisha kadi kwenye skana, moja moja, nikazichora upya kwenye kompyuta. Mchwa walikuwa wanazimaliza, Kageha. Nilitaka ziwepo mahali ambapo mchwa hafiki. Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza."

"Lakini Paradiso si mimi! Bramwel alifungua faili zangu nikiwa Kisumu—"

"Kompyuta ni yenu, stika ni yenu, na kadi nilimpa nani? Nilimpa Bramwel?"

"Nisikilize kwanza—"

"Nilikusikiliza siku ile ukiniambia ni dawa ya mchwa."

Simu ilikuwa bado na muda. Aliikata mwenyewe.

Jumapili Osiako alikuja. Alisimama kwenye mlango wa banda la kazi la Kageha, nyuma ya duka la dawa, shati la kanisani na hakuna tai. Kageha alikuwa anakoroga rangi nyeupe isiyohitaji kukorogwa.

"Nimefuta zote," Osiako akasema. "Kwenye kompyuta hakuna hata nukta. Bramwel amenifokea lakini hawezi kunifukuza, hajui kuiwasha. Nakala iliyobaki duniani ni hii." Alimnyooshea disketi nyeusi, bapa, iliyoandikwa kwa mkono wake: *Herufi za Mzee*. "Ni yako. Ukitaka, ivunje."

"Weka juu ya kopo."

Akaiweka. "Kutokuuliza ni kosa langu, na naomba unisamehe. Lile bango si langu. Hayo ni mambo mawili, Kageha."

"Ukimaliza kuyahesabu, mlango ni huo."

Akaenda. Kageha aliendelea kukoroga mpaka mkono ukauma.

Wiki tatu zilipita kama kuburuta ngazi kwenye kokoto. Simu ya duka la dawa ilipolia, shingo ya Kageha iligeuka yenyewe, naye akaikaripia. Aliacha kupita mbele ya Paradiso. Alizunguka kwa nyuma, kwenye majitaka, akafika kazini na viatu vya matope. Disketi hakuivunja. Aliigeuza geuza mkononi, akasikiza kama ina sauti. Alichukua washa akaanza kuzungushia herufi na kila alipofika kwenye kona alikumbuka mtu mmoja aliyekaa jioni nzima akilainisha kona arobaini kwa ajili yake, na mstari ukaharibika.

Kisha asubuhi moja Pascalia mwenyewe akaja bandani, anahema, kitambaa cha jikoni begani.

"Kageha mwanangu, nisaidie. Bango langu lina ugonjwa. Wateja wanasema ukilitazama kabla ya kula unasikia kizunguzungu, na ukilitazama baada ya kula ni hasara. Bramwel anasema liko sawa. Njoo na ngazi."

"Mwite aliyelikata."

"Nakuita wewe. Nakuomba kama mama yako."

Huwezi kumkatalia mama aliyekupa uji wa mkopo asiudai tena siku ulizomzika baba yako. Kageha alibeba ngazi. Akaiegemeza ukutani, akapanda macho yakiwa chini, na alipofika juu ndipo akaliangalia bango kwa mara ya kwanza kweli kweli.

Akakunja uso.

R ya baba yake haikuwa mbali na katikati, na dhahabu yake ilikuwa imekaa karibu sawa. Lakini P ya mwanzo dhahabu yake ilikuwa imekimbilia kushoto, kama kivuli cha jioni. O ya mwisho imekimbilia kulia. Ndani ya matundu ya P, ya A, ya D, ya O, hakukuwa na dhahabu hata chembe. Na kila kona ilikuwa kali, kona ya kabati.

Alitoa washa mfukoni, akailaza kwenye ukingo wa P. Kushoto zingeingia washa mbili. Kulia haikuingia hata kucha.

Hakuna aliyekuza dhahabu ile kwa Kontua wala kwa washa. Mtu alikuwa amelichukua jina zima, akalinenepesha, akaliweka nyuma. Na katika mji wote wa Kakamega kulikuwa na mtu mmoja wa kompyuta ambaye asingefanya hivyo hata akiwa usingizini, kwa sababu aliponywa ugonjwa huo kwenye meza ya hoteli hii hii, chai ikimdondoka kifuani.

Kageha akaanza kucheka. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika na Pascalia akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Mama Pascalia! Nani alikata hii?"

"Si Bramwel mwenyewe! Yule kijana wako alikuwa Kisumu. Aliporudi waligombana hapa barabarani mpaka watu wakaacha ugali mezani. Kijana anapiga kelele, 'Hii si ukingo, hii ni herufi iliyoshiba! Na ni mali ya mtu!' Bramwel anasema wateja hawapimi."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Ulikuwa unatoroka mbele ya hoteli yangu kama mtu aliyekutana na mama mkwe njiani."

Kageha alishuka. Akajifuta macho kwa mkono wa koti, akabaki na rangi ya buluu shavuni. "Naomba ufunguo wa simu yako."

Simu ya Pascalia ilikuwa kaunta, imefungwa kufuli ili wahudumu wasipigie wapenzi wao. Pascalia alitoa ufunguo kifuani bila kuuliza, halafu akajifanya anahesabu vikombe mahali pa karibu kabisa.

"Mwangaza Printers, habari ya asubuhi," ikasema sauti iliyochoka.

"Nataka kuongea na mtu asiyejua kunenepesha herufi."

Upande wa pili kiti kikaanguka.

"Kageha?"

"Unatoka kazini saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Osiako, ni saa nne asubuhi."

"Nasema natoka sasa hivi."

"Njoo saa saba. Na uje na njaa."

Aliweka simu, akafunga kufuli, akamgeukia Pascalia. "Chinja ingokho. Jogoo. Mkubwa."

"Na ugali wetu, obusuma?"

"Wa wimbi."

Pascalia alikuwa ameshafika mlango wa jikoni na kushika mwiko alipogeuka. "Na imondo? Nikuwekee kando kama kawaida yako?"

Kule Mukumu, tangu Mzee Shikanga azikwe, kuku akichinjwa imondo ilikuwa ikibaki chunguni mpaka mwisho, na hakuna mkono ulioigusa. Kageha alitoa kichwa dirishani, akalitazama bango, ule mguu wa R umenyooshwa mbele.

"Weka kwenye sahani yake," akasema.

Mwiko ukamponyoka Pascalia.

Saa saba kamili, au tuseme saa sita na nusu, Osiako aliingia. Alikuwa amevaa tai mbaya kuliko zote, ile ya kasuku, na Kageha alipoiona moyo ukamlainika kama kona. Yeye mwenyewe alikuwa amevua koti la kazi, amevaa gauni la kitenge cha buluu na zambarau, na kitambaa chake cha manjano. Doa la rangi shavuni alikuwa amelisahau, na Osiako hakumwambia, kwa sababu alitaka kuendelea kulitazama.

"Nilikuita mwizi," Kageha akasema.

"Ulikuwa na haki nusu."

"Nusu gani?"

"Ile ya kutokuuliza."

"Basi kwa ile nusu nyingine, nisamehe. Niliona R, nikakimbia. Sikuangalia kona."

"Nilishakusamehe wiki tatu zilizopita. Nilikuwa nangoja tu uombe." Akavuta kiti karibu. "Disketi uliivunja?"

"Iko chini ya mto."

"Mto wa kulalia? Mpenzi!"

"Usijisifu. Ndipo mahali pakavu." Lakini alikuwa anacheka. "Lile bango litashuka kesho. Utabandua stika wewe, kwa kucha zako. Halafu nitaliandika mimi, kwa herufi za baba, na wewe utanishikia kadi. Zile zilizoliwa na mchwa utanikatia mpya kutoka kwenye disketi, nikiwa nimesimama pale nyuma yako."

"Na ukingo?"

"Washa."

"Nilijua utasema hivyo."

Pascalia akaleta chakula mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu hoteli ifunguliwe. Akaweka obusuma, akaweka mboga, akaweka sahani mbele ya Osiako, kisha akarudi hatua mbili tu na kusimama hapo akifuta meza iliyokuwa safi.

Osiako alinawa, akaumega obusuma, akaunyoosha mkono kwenye sahani. Mkono ukaganda hewani.

Juu ya paja la jogoo, peke yake, ilikuwa imelazwa imondo.

"Kageha." Sauti ya mzaha ilikuwa imemwishia. "Hii ni ya nani?"

"Iko kwenye sahani ya nani?"

"Hii kitu kwetu Butere haipewi mtu hivi hivi."

"Hata Mukumu."

"Ulisema ina mwenyewe."

"Ndio."

"Ukasema hajafika."

"Alichelewa. Alikuwa ametumwa Kisumu." Kageha alikuwa anaiviringisha washa kwenye meza kwa kidole kimoja. "Ukiila, mwezi ujao unakuja kwa mama na wazee wako. Usipoila, iache hapo tu, Pascalia ana paka."

Wateja wa meza ya karibu waliacha kutafuna. Osiako aliichukua imondo kwa vidole viwili kama kitu kinachoweza kulipuka. Akaitazama. Akamtazama Kageha, doa la buluu shavuni, macho makubwa yasiyopepesa. Akaiweka yote mdomoni.

Akatafuna. Imondo ya jogoo wa Kakamega haina haraka. Alitafuna upande wa kulia, akahamia kushoto, tai ya kasuku ikipanda na kushuka. Pascalia alikuwa amekishika kitambaa cha meza kwa mikono yote miwili.

"Mbona humezi?" Kageha akanong'ona.

Osiako alisukuma imondo shavuni. "Naogopa ikiisha utaniambia ulikuwa unanitania."

"Meza, Osiako."

Akameza.